Sahani ya Kwanza ya Mwishehe

Nyie wenzangu mna tabia moja inaniudhi kweli. Mgeni akisema "nashukuru, sili," mnanuna. Mnaanza: kwani chakula changu kina nini? Unaringa? Unatuogopa? Mnamsogezea sahani mpaka anakula kwa aibu, halafu mnajiona wakarimu. Hamjui mmemfanya nini. Basi kaeni niwaeleze habari za Mwishehe wa Tandika, na msinikatize.

Mwishehe alikuwa mpishi wa shughuli. Si wa hoteli, wa shughuli: harusi, maulidi, arobaini. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, kuanzia Tandika mpaka Mtoni mpaka Mbagala huko, ukisikia pilau linasifiwa wiki nzima, ujue kalipika yeye. Mtu mrefu, mwembamba, ameinama kidogo kama anatafuta kitu alichoangusha. Watu walidhani ni kuinamia masufuria. Haikuwa hivyo.

Sasa, kazi hiyo ilikuwa na sharti lake. Chakula kikiiva, kabla hakijatoka kwenda kwa wageni, sinia la kwanza linawekwa mbele ya mpishi. Anaketi mkekani na wazee wa mwenye shughuli, anakula, wanamwona anavyomeza. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa ni heshima ya mpishi. Heshima, sawa. Lakini kila mtu alikuwa anajua ni hofu. Harusi haikosi mahasidi, na sufuria kubwa hupitiwa na mikono mingi. Mpishi akikataa kula alichopika mwenyewe, hilo pilau utampa nani?

Na Mwishehe, pilau lilikuwa linamuua.

Miaka ya themanini hakujua. Mafuta ya kupikia enzi zile yalikuwa ya foleni, unasimama duka la kaya na kadi yako tangu alfajiri, unarudi na sabuni. Watu walikula mchicha wa maji na kunung'unika. Mwishehe tumbo lilimsumbua mara mojamoja tu, likapita. Kisha ikaja ruksa. Bidhaa zikamwagika: ndoo za mafuta, makopo ya samli kutoka Dubai, maziwa ya unga. Wenye shughuli wakaanza kushindana. Pilau lisipochuruzika mpaka kiwikoni walikuwa wanaliona la msibani. Mtaa mzima ukanenepa. Mwishehe akakonda.

Maumivu yalikuwa yanaanzia chini ya kifua, yanatoboa mpaka mgongoni, kama amepitishwa mshikaki. Akilala chali yanazidi. Nafuu yake ilikuwa kuinama mbele, amekumbatia mto, anatapika mpaka hana cha kutapika. Wakamtibu minyoo. Wakamtibu vidonda vya tumbo, wakamnywesha maziwa fresh, ikawa balaa. Mganga mmoja wa Pugu akamchanja kifuani. Wapi.

Mwisho akaenda kwa Daktari Revelian, mtu wa Bukoba aliyefungua zahanati nyuma ya soko pale watu binafsi waliporuhusiwa tena. Revelian akampeleka kupigwa picha mjini, na majibu yaliporudi akamkalisha.

"Kongosho," akamwambia. "Ni kitu kama ulimi, kimelala nyuma ya tumbo. Kinatoa maji ya kuyeyushia chakula. Chako kimeharibika, kinajiyeyusha chenyewe. Unakunywa?"

"Chai."

"Pombe."

"Daktari, baba yangu alikuwa anaadhini msikiti wa hapo nyuma."

"Sijakuuliza habari za baba yako."

"Sijawahi kuionja."

Revelian akamtazama kidogo, akaandika. "Sawa. Wengine huwapata tu, hatujui kwa nini. Sikiliza. Samli acha. Nazi acha. Nyama yenye mafuta acha. Kula kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Hiyo pakiti ya sigara mfukoni niachie hapa mezani. Maumivu yakikukamata sana, usile chochote, njoo."

"Na litapona lini?"

"Halitarudi lilivyokuwa. Litatulia ukiliheshimu."

"Mie kazi yangu kupika pilau."

"Pika," Revelian akasema. "Usile."

Rahisi hivyo. Daktari alikuwa hajawahi kuketi kwenye mkeka ule.

Mwishehe angeweza kuwaeleza watu, wakamwelewa, yakaisha. Tatizo lilikuwa Audax. Audax alikuwa fundi mwashi mtaani hapo hapo, mnywaji wa gongo hodari, na mwaka mmoja nyuma alikufa kwa kongosho. Mtaa ulijifunza neno hilo msibani kwa Audax, na ulijifunza maana moja tu: ugonjwa wa walevi. Mpishi wa maulidi ana kongosho? Nani angempa tena kisu cha kukatia nyama ya maulidi? Kwa hiyo akamwambia mkewe Tabu peke yake, na Tabu akaambiwa akae kimya.

Nyumbani maisha yakabadilika. Wote pale ni watu wa nazi. Maharage ya nazi, mchicha wa nazi, mihogo ya nazi, samaki kapazwa kwa tui. Tabu akaanza kumpikia mumewe chungu chake: mchicha chukuchuku, samaki wa kuchemsha na ndimu, uji mwepesi. Bi Somoe, mama yake Tabu, aliyekuwa anaishi nao, akaona mwanawe kageuka mchawi.

"Unamlisha mume chakula cha bata," alisema siku moja, kakaa kibarazani anapepeta mchele. "Halafu unashangaa mifupa inatoka."

"Mama, ndivyo alivyoambiwa na daktari."

"Daktari kalishwa nini huko kwao? Ndizi."

Bi Somoe akaamua kumwokoa mkwewe kwa siri. Kwao, tangu na tangu, mtu aliyekonda anapewa samli na asali, kijiko asubuhi kijiko jioni. Akawa anaitia kwenye uji wa Mwishehe na kukoroga vizuri isielee. Wiki mbili. Mwishehe akawa anakumbatia mto kila siku ya Mungu, hajui kakosa wapi. Mpaka Tabu alipofunika bakuli moja likapoa, akafunua, akakuta juu pameganda utando wa njano.

"Mama, hiki nini?"

"Dawa."

"Unamuua."

Bi Somoe akaweka ungo chini. "Mie nimemzika mume na watoto wawili," akasema, "sijamuua hata mmoja kwa samli." Kisha akaingia ndani, hakutoka mpaka magharibi. Baada ya siku hiyo kopo halikuonekana tena.

Kazini Mwishehe alikuwa ameshapata ujanja wake. Chumvi alikuwa anaipima kwa tone la mchuzi kiganjani, analamba, anatema nyuma ya moshi. Yaliyobaki aliyajua kwa pua. Na lile sinia la kwanza lilikuwa na mwenyewe: Twalib, msaidizi wake, jitu la miraba minne, anakula upande wake na wa jirani bila kuulizwa. Sinia ni la wote. Mikono sita inaingia na kutoka, nani anahesabu matonge? Mwishehe alikuwa anachovya vidole, anatafuna punje tatu nne, anacheka na wazee. Twalib ameshaona, hajauliza, anafyeka. Mwaka mzima ukaenda hivyo.

Mwaka tisini na tatu, Mzee Aidarus akamwoza binti yake Abrar.

Aidarus alikuwa na duka kubwa pale Tandika, familia ya Waarabu waliokaa hapo tangu babu. Ile samli ya Dubai, nusu ya Temeke ilikuwa inainunua kwake. Harusi hii alitaka isemwe. Akamwita Mwishehe yeye mwenyewe, akamwambia, "Usinibanie samli. Nikisikia mtu kala kwangu kaondoka midomo mikavu, tutagombana."

Mwishehe akapika. Lilikuwa pilau ambalo mfano wake pengine hakuwahi kuupika na hakuupika tena. Adhuhuri ilipopita, wazee wakaketi mkekani: Aidarus, nduguye Khalil, mwalimu wa madrasa, na wazee watatu wa upande wa bwana harusi waliotoka Bunju. Mwishehe na Twalib wakanawa, wakaketi.

Halafu zikaja sahani.

Si sinia. Sahani nyeupe zenye ua la dhahabu, moja moja, kila mtu na yake. Aidarus alikuwa amezipokea wiki ile ile, mzigo mpya.

"Mambo ya kisasa," Khalil akasema. "Sasa kila mtu ataonekana ulafi wake. Twalib, leo umekamatwa."

Watu wakacheka. Twalib hakucheka. Alimtazama Mwishehe, akaitazama sahani ya Mwishehe, mlima wa wali unang'aa na kipande cha nyama ya ubavu juu. Mkono wake mkubwa haukuwa na pa kupita.

"Bismillahi, mpishi," Aidarus akasema. "Fungua."

"Mzee, mie leo nimefunga."

"Jumapili?" mwalimu akauliza. "Funga gani hiyo?"

"Ya kulipa."

"Mbona asubuhi nimekukuta na kikombe," Khalil akasema. "Au ulikuwa unanusa chai?"

Wazee wa Bunju wakarudisha mikono. Taratibu tu, mmoja baada ya mwingine, wakaiweka magotini. Mkubwa wao akasema kwa upole kabisa, "Bwana Aidarus, mpishi wako hali. Sie tufanyeje?"

Ukumbi wa turubai ukapoa. Watu mia tatu wamenawa mikono, wanangoja. Mahfudha, mke wa Aidarus, akatokea mlangoni upande wa wanawake kuuliza chakula kimekwama wapi, akaona mikono ya wakwe magotini.

Mwishehe alikuwa na maneno mawili ya kusema: nina kongosho. Akamtazama mwalimu wa madrasa aliyemfundisha mwanawe Najat kusoma. Akamtazama Khalil, mdomo mwepesi kuliko wote Temeke. Akamwona Audax amelala kwenye jeneza.

"Nilikuwa nawatania," akasema.

Akala. Tonge kwa tonge, mpaka kwenye ua la dhahabu. Khalil, kwa kumfurahisha, akamwongezea mfupa wenye mafuta ya mgongoni. Akala na huo. Wazee wa Bunju wakarudisha mikono kwenye sahani. Kule kwa wanawake vigelegele vikapigwa, na chakula kikatoka.

Alasiri Twalib alimkuta nyuma ya ukuta wa jiko, kapiga magoti, paji la uso limegusa majivu. Mtu angedhani anasali. Alikuwa anauma kanga ya mtu isimtoke sauti.

Alilazwa siku sita. Tatu za kwanza hakuruhusiwa hata maji ya kunywa, dripu tu na sindano za kutuliza maumivu. Tabu alikaa pembeni yake na chupa ya uji isiyofunguliwa. Siku ya nne akaja Aidarus, kanzu safi, uso umemshuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Usinyanyuke." Akakaa. "Mwishehe, wakwe zangu wanasema mpishi kala akaanguka. Wanasema kulikuwa na kitu kwenye chakula changu, na wewe ulikuwa unakijua, ndiyo maana ulikataa. Bunju nzima wanalisema hilo. Binti yangu yuko kwao huko. Nieleze kweli."

Mlango mwingine ukajifunga. Akinyamaza, sufuria lake ndilo lenye sumu, na Abrar ndiye mtoto wa nyumba iliyolisha watu sumu. Tabu akamshika mkono, akaubana.

"Chakula chako kilikuwa safi," Mwishehe akasema. "Mie ndiye mbovu. Nina kongosho. Mafuta siyawezi, mwaka wa pili huu."

Aidarus akazungusha pete yake kidoleni. Hakuwa mtu mbaya. Alipouliza, aliuliza kwa sauti ya chini, kwa huruma kabisa.

"Unakunywa tangu lini?"

"Sijawahi."

"Sikulaumu."

"Mzee, sijawahi."

"Basi yaishe. Mie simwambii mtu." Lakini Bunju ilibidi waambiwe kitu, si ndiyo? Na Khalil ndiye aliyetumwa Bunju. Ijumaa, Tabu alipokwenda kununua nyanya, muuza nyanya alimpa pole kwa namna ambayo hakuipenda.

Abrar alikaa kwa mumewe kwa amani. Pilau likasafishwa jina. Mwishehe akabaki na lake, la mlevi.

Shughuli hazikumwacha kabisa, maana pilau ni pilau. Ila wakawa wanamwita Twalib. Twalib anakuja na "mtu wake". Mtu wake anakaa motoni, anapima maji, ananusa, anasema sasa funika, sasa palia makaa. Kikiiva, Twalib ananawa na kwenda kuketi na wazee, na Mwishehe anabaki nyuma kwenye moshi anakusanya miiko. Sifa zikawa za Twalib. Mara ya kwanza Twalib alitaka kukataa.

"Braza, siwezi. Hili lako."

"Unajua kupima chumvi?"

"Hapana."

"Na mie siwezi kumeza. Nenda kakae."

Nyumbani Bi Somoe alisikia ya mtaani kama wote. Jioni moja alisogeza kigoda chake kwenye chungu cha mkwewe, akajipakulia mchicha chukuchuku, akala, uso kaukunja.

"Hauna ladha hata kidogo," akasema.

"Hauna, mama," Mwishehe akajibu.

Akajipakulia tena. Kila jioni akawa anakula hapo, na kila jioni akawa analalamika. Maumivu yalirudi tena miaka iliyofuata, mengine bila sababu, hata alipofuata kila alichoambiwa. Baadaye kikaja na kisukari juu yake. Mtu haachani na kongosho lake kama anavyoacha kazi.

Sasa wewe unayesoma hii na mwaliko wa harusi uko kwenye simu yako. Nakuomba kitu kimoja. Mtu akikwambia hiki sili, sema sawa. Usimtanie, usimhesabie matonge, usimuulize anakunywa tangu lini. Mpe maji, mkae wote.