Mguu Wangu Kule Bengamisa

Tulikuwa watu watatu, na muziki wetu hakuna aliyeuomba. Kisangani watu wanataka gitaa tamu la kuzungusha kiuno. Sisi tulipiga roki, gitaa la kukwaruza kama bati linaloburutwa kwenye mawe. Mwimbaji, ambaye ndiye aliyelipiga gitaa hilo, ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Wazazi wake walitoka Maniema kama wangu, na tulikulia mtaa mmoja huko Mangobo. Mimi nilipiga besi, na kwa kuwa ni mwanamke, watu wengine walikuja kunitazama tu kisha wakaenda zao. Mpiga ngoma alikuwa mtoto wa wavuvi wenyeji wa pale Kisangani, kwenye maporomoko ya mto, kijana mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa. Aliniita yaya, yaani dada mkubwa, ingawa nilimzidi miezi michache tu.

Hatukuwa na gari. Tulisafiri kwa pikipiki za kukodi, ngoma kubwa imevikwa gunia na kufungwa kwa mipira ya tairi nyuma ya dereva, sisi tumebana magitaa katikati ya magoti. Tulipiga kwenye nyua za baa, kwenye darasa lisilo na madirisha, mara moja kwenye ghala la mpunga. Mama mmoja mzee alimwuliza mwimbaji wetu, kwa huruma kabisa, kama alikuwa na maumivu mahali. Tulicheka safari nzima. Siku hizo tulikuwa bado tunacheka pamoja.

Kisha mpiga ngoma akapata malaria kali wakati wa mvua. Wakamlaza, wakamtundikia dawa ya kinini chupa baada ya chupa, akapona. Alirudi amekonda lakini anapiga kama zamani, isipokuwa sasa alinitazama sana. Nilidhani amenipenda. Nilijivuna kidogo, hata nikaanza kuvaa viatu vizuri jukwaani.

Tulipokwenda Opala, asubuhi moja tulikuwa tunafua mtoni, mimi na yeye. Mwimbaji alikuwa bado amelala. Akaniambia, "Yaya, nitakuambia kitu, lakini ibakie hapa."

"Sema."

"Masikio yangu imekwisha. Tangu ile kinini. Ndani inalia tu, kama maji ya kwetu kwenye mawe. Gitaa sisikii tena. Besi yako nasikia kidogo, hapa tu." Akajigusa tumbo.

"Sasa unapigaje?"

"Naangalia mguu yako."

Ni kweli, nikipiga besi mguu wangu wa kulia hugonga chini, sijui hata kuuzuia. Miezi yote ile alikuwa amepiga ngoma kwa macho. Niliapa kwamba sitamwambia mtu. Akaniamini, akaendelea kusugua kola ya shati lake.

Siri hiyo niliishika mwezi mmoja hivi. Ningependa kusema ilinitoka kwa hasira, au kwamba nilibanwa nikaisema. Haikuwa hivyo. Tulikuwa tumekaa chini ya kibaraza cha duka, mimi na mwimbaji, tunasubiri mvua ipite, hatuna la kuongea, na nikataka kumchekesha. Nikamwambia, "Unajua jamaa yetu anapiga kwa mguu wangu?" Nikamweleza yote. Akacheka mpaka akashika nguzo. Nami nilicheka, nikaona raha ya kuwa mtu mwenye habari.

Tangu siku hiyo ukawa mchezo wetu. Mwimbaji alisimama nyuma ya mpiga ngoma akamtukania mama yake kwa sauti ya upole, kama anayeomba chumvi. Mpiga ngoma akigeuka na kutukuta tunacheka, alicheka pia, kwa sababu alidhani kuna kichekesho kimempita na hakutaka tujue. Hicho ndicho kilichotuchekesha zaidi. Mezani tulisogeza midomo bila kutoa sauti, tukamtazama anavyohangaika, anavyotikisa kichwa kukubali na kusema, "Ndiyo, ndiyo, ni kweli." Tulimkubalisha mambo mengi ya aibu kwa namna hiyo, mbele ya watu waliotukaribisha chakula.

Kwenye kizuizi kimoja njiani, askari alimwita mpiga ngoma, ambaye alikuwa amegeuka upande mwingine anafunga ngoma. Alimwita mara tatu. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Ningeweza kumgusa bega. Mwimbaji alinikonyeza, nami nikasubiri kuona kitakachotokea. Askari alimfikia, akampiga kwa mkanda wa bunduki shingoni. Aligeuka ameduwaa, mikono juu, akiuliza, "Nimefanya nini, papa? Nimefanya nini?" Alibaki na alama kwa siku nyingi. Jioni hiyo nilimpaka mafuta mahali palipovimba, na akanishukuru.

Baadaye tukaalikwa Bengamisa kupiga Jumapili mchana katika ua wa baa mpya. Mtu mmoja mwenye kuandaa matamasha kule Bunia angepita akielekea Banalia, na mwenye baa alituahidi kwamba atasimama kutusikiliza. Mwimbaji akanijia nyumbani Mangobo.

"Bunia hatufiki na kiziwi," alisema. "Siku moja ataangalia mahali pengine na tutaanguka mbele ya watu wa maana."

"Basi mwambie."

"Nimwambie nini? Nikimfukuza mimi, watu wa kwao watasema wageni wa Maniema wamemtoa mwenyeji. Donc, basi, ajitoe mwenyewe. Aone haya, aende."

"Ataona haya kwa nini?"

Alitazama mguu wangu, nikaelewa. Na hapa sitajificha: sikukataa. Nilisema tu kwamba ni vigumu, mikono kupiga mwendo mmoja na mguu kugonga mwingine. Akasema, "Uko na wiki nzima."

Nilifanya mazoezi wiki nzima. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, besi bila umeme, mikono polepole, mguu haraka kidogo. Siku za kwanza vilivutana, mkono ukaufuata mguu. Siku ya nne nikaweza. Mama yangu alipita mlangoni na ndoo, akasimama akanitazama. "Leo unapiga vibaya," alisema. Nikamwambia ni wimbo mpya.

Bengamisa watu walitoka misani wakaja moja kwa moja wakiwa na nguo zao za kanisani. Jenereta ilikuwa nyuma ya choo inatoa moshi. Yule mgeni wa Bunia alikaa mbele, kiti cha plastiki, sahani ya samaki magotini. Nyimbo mbili za kwanza zilikwenda vizuri kuliko siku zote. Mpiga ngoma alikuwa na furaha. Kati ya nyimbo alinitolea kidole gumba.

Wimbo wa tatu ulikuwa wa polepole. Nilianza peke yangu, kama kawaida, na mguu wangu ukagonga uongo.

Aliingia kwa haraka. Gitaa likaja mahali pake, na vyote vikagongana kama sahani zinazoanguka. Mwimbaji akasimamisha kila kitu, akageuka taratibu, akasema kwenye maikrofoni, "Mutusamehe, wandugu. Mupiga ngoma yetu iko kiziwi."

Watu wakacheka. Hawakuwa watu wabaya. Walidhani ni sehemu ya onyesho. Mpiga ngoma alisoma midomo yao, akanitazama usoni, na akaniashiria kwa kichwa tuanze tena. Tukaanza tena, na nikarudia. Safari hii mwimbaji aliacha gitaa likaning'inia, akaziba masikio yake kwa mikono miwili, akazunguka jukwaani akijigonga kwenye vitu. Vicheko vikawa vikubwa. Mtu akarusha kipande cha kwanga, ule mkate wa muhogo, kikamgonga mpiga ngoma kifuani. Wengine wakaanza kupunga mikono mbele yao, "Unatusikia? Unatusikia?"

Aliutazama mguu wangu kwa muda. Kisha akanitazama mimi, na nikaona ameelewa. Sikuona hasira. Alikuwa kama mtu anayehesabu nyuma, siku moja moja: Opala, kizuizini, mezani, vicheko vyote.

Akafumba macho na kupiga wimbo wote peke yake, tangu mwanzo mpaka mwisho. Sisi wawili tulisimama mikono chini. Alipiga kila mahali panapopaswa kupigwa, akanyamaza kila mahali ambapo mwimbaji angekuwa anaimba peke yake, akaingia tena kwa wakati wake, wala hakuteleza hata mara moja. Wimbo aliujua wote. Hakuuhitaji mguu wangu. Ulikuwa wa kumtuliza tu. Watu waliendelea kucheka kwa dakika moja hivi, kisha wakachoka kucheka, wakaanza kuagiza bia na kuongea mambo yao. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Nami sikupiga. Aliweka fimbo zake mfukoni, akapita katikati ya viti, akatoka.

Kutoka Bengamisa mpaka Kisangani ni mwendo wa siku nzima kwa miguu, na zaidi kwa mtu aliyetoka kuugua. Tulidhani atarudi kuchukua nafasi yake kwenye pikipiki. Hakurudi. Tulifunga vitu, tukaondoka jua likiwa bado juu, na baada ya kilomita kadhaa tukamwona mbele yetu, anatembea katikati ya barabara, pale penye ukavu, kwa sababu pembeni kulikuwa na madimbwi. Dereva wangu akapiga honi. Akapiga tena.

"Huyu mutu iko na wazimu?" dereva aliuliza.

"Hasikii," nilisema.

"Si ni wenu? Tumubebe?"

Mwimbaji, kwenye pikipiki ya pembeni, akapaza sauti, "Pita tu! Anataka mazoezi!"

Dereva wangu alingoja neno langu. Nilikuwa na nafasi nyuma yangu, ile ile aliyokalia wakati wa kuja. Nikasema, "Pita." Tukampita karibu sana, gurudumu likaingia kwenye dimbwi, na maji mekundu yakampiga kuanzia kiunoni mpaka usoni. Aliruka kwa woga, kwa kuwa hakujua kama kuna kitu nyuma yake. Niligeuza uso upande wa migomba.

Tulikwenda Bunia na mpiga ngoma mwingine, binamu ya mwimbaji. Tulipiga mara moja. Wenyeji walitupigia makofi ya adabu na hatukualikwa tena. Baadaye mwimbaji alioa, akaokoka, na sasa anapiga gitaa kanisani. Nikikutana naye ananiambia Mungu amesamehe yote. Mimi niliuza besi.

Mpiga ngoma sikumtafuta kwa karibu miaka miwili. Mwishowe nilikwenda kwa ajili yangu mwenyewe, nilikuwa nimechoka kumwota. Nilimkuta pale wanapouzia samaki, karibu na maporomoko, maji yanavuma hivi kwamba hata wenye masikio mazima wanaongea kwa kupiga kelele. Alikuwa anapanga samaki kwenye beseni pamoja na dada yake. Alikuwa amenenepa. Aliniona, akasimama wima, akaukazia macho mdomo wangu.

"Nimekuja kuomba samahani," nilisema. "Bengamisa nilifanya makusudi."

Akaweka mkono kwenye sikio. "Sisikii. Sema kwa nguvu."

Nikarudia kwa sauti zaidi. Akatikisa kichwa. "Kwa nguvu, yaya. Maji inapiga kelele."

Nikapiga kelele. Wauza samaki waliacha visu vyao wakanitazama. Akataka tena. Nikasema yote kwa kupayuka, la siri ya Opala, la askari, la mguu, la barabara, huku jasho linanitoka na wanawake wamejikusanya wananitazama kuanzia kichwa mpaka mguu. Mmoja akasema, "Kumbe ni wewe." Mwingine akatema mate chini, si mbali na viatu vyangu.

Nilipoishiwa na sauti, mpiga ngoma akainama akachukua samaki mmoja, akampa dada yake ampime.

"Tangu mara ya kwanza nilisoma mudomo yako," alisema. "Unataka mukubwa ao mudogo?"

Nikanyooshea kidole samaki mmoja wa wastani. Dada yake akamfunga kwa majani bila kunitazama, na nikatoka pale katikati ya wanawake wale, ambao walinipisha kwa upana sana, kama mtu aliyebeba kitu kinachonuka. Hajawahi kusema amenisamehe, wala mimi sijarudi kumwuliza. Samaki nilimpika siku ileile na kumla peke yangu.