Sketi Niliyoipunguza Mara Tatu

Siku ile katika kituo cha afya tulikuwa wanne: mimi, mdogo wangu wa kike, shangazi yetu aliyekuja kutoka Tshangalele, na muuguzi. Wazazi walishakufa. Tangu nilipoacha shule nikaanza kushona nguo, mimi ndiye niliyejibu mahali pao.

Mdogo wangu alikuwa na uvimbe shingoni. Ilikuwa mara ya nne kuja, na kila mara tulirudi na dawa za malaria au za koo. Muuguzi alifungua karne, daftari dogo la mgonjwa, akalikuta jeupe.

"Ya zamani iko wapi?"

Shangazi akajibu, "Tuliichoma, docta, kisha maombi. Utaweka namna gani karatasi ya ugonjwa ndani ya nyumba?"

"Basi mulichoma macho yangu, mama."

Mimi ndiye niliyewasha kiberiti, mara zote tatu. Kwa hiyo kila muuguzi alianza upya, na kwa kila mmoja ugonjwa ulikuwa wa jana.

Huyu naye akaanza kuandika dawa zilezile. Nilikuwa nimechoka, hata kubisha sikuweza. Ndipo mdogo wangu akashika kiuno cha sketi yake ya shule.

"Yaya," akaniita mimi mkubwa wake, "inaanguka tena."

Mkobani nilikuwa na daftari la vipimo vya wateja, na vyake vilikuwamo, kwa kila mara ya zile tatu nilipoipunguza sketi ile. Nikamsomea muuguzi: kiuno shule zilipofunguliwa, kiuno kabla ya Noeli, kiuno baada ya Pasaka. Halafu kola ya blauzi. Kiuno kilikuwa kikipungua, shingo ikiongezeka.

Kalamu ikasimama. "Fundi, weye hata mugonjwa unamupima kama kitambaa?" Lakini hakucheka. Akauliza kuhusu jasho la usiku. Mdogo wangu akasema shuka hulowa. Muuguzi akampapasa kwapani, akachana karatasi ya dawa, akaandika nyingine ya kutupeleka hospitali kubwa.

"Sijui kama ni kansa. Lakini musingoje hapa."

Ilikuwa kansa. Sasa tunakwenda Lubumbashi kwa matibabu na kurudi. Yeye husinzia begani mwangu, mimi hushona pindo njiani.

Siku ile muuguzi aliniomba kitu kimoja tu: "Wauguzi tunakutanaka. Uje utuambie weye mwenyewe, tujue kuuliza karne ya zamani, tujue kuuliza nguo." Nilikubali. Wameniita mara mbili. Nitapaswa kusimama mbele ya watu waliosoma na kusema kiberiti kilikuwa mkononi mwa nani.

Sijaenda. Deni hilo bado ninalo.