Mlango Usiolipiwa

Waiswa alipolipa kazi ya kwanza siku ileile, Mastula hakufurahi. Alizigeuza noti, nusura azinuse. Tangu vita vya kuing'oa serikali viishe mwaka uliopita, hakuna mkandarasi aliyemlipa fundi mdogo bila kumzungusha. Na huyu ametoka Jinja mpaka karakana ya useremala ya Mastula, Namakwekwe, huku Mbale, kwa madirisha mawili tu?

"Huyu ananionjesha," alimwambia dada yake Madina.

Kweli, mwezi uliofuata Waiswa akaagiza milango ya safu nzima ya maduka ya mjini Jinja, yale yaliyoporwa mpaka fremu. Mastula alikopa mbao, akachonga, akaipeleka, akaipachika. Hapo ndipo kesho zilipoanza. Kwa Luganda tamu, akimwita nnyabo, yaani mama, Waiswa alimweleza kwamba hundi haijatoka, karani anaumwa. Mastula alimtazama viatu. Vilikuwa vipya.

Mwenye mbao alipotishia kuchukua karakana, Mastula alirudi Jinja na bisibisi. Alikuwa anafungua bawaba ya kwanza Waiswa alipotokea na askari mwenye bunduki. Sasa Luganda ilikuwa imemwisha Waiswa kinywani; alifoka kwa Kiswahili cha askari.

"Wewe mama! Toka hapa mbio! Pesa hakuna!"

Wengi mjini wakisikia Kiswahili cha namna hiyo walikuwa hawangoji tafsiri. Ndicho askari walichowapora nacho redio na baiskeli. Waiswa hakujua kwamba Mastula alizaliwa katika kambi ya jeshi, na kwamba Kiswahili ndicho alichogombezwa nacho utotoni. Tangu vita alikificha, maana watoto wa askari wa serikali iliyong'olewa walikuwa wakisakwa.

Lakini karakana ilikuwa inaondoka, akajibu kwa Kiswahili hichohicho.

"Usinifokee, bwana. Kama pesa hakuna, basi na mlango hakuna. Afande, wewe unalinda nini hapa?"

"Mali ya bwana mkubwa."

"Mlango usiolipiwa ni mali ya nani?"

Askari alifikiri, kisha akamgeukia Waiswa. "Na mimi je? Kila siku kesho, kesho. Lipa huyu mama, halafu lipa mimi."

Waiswa akachomoa bulungutu mfukoni. Kumbe hundi ilikuwa imetoka zamani.

Mastula alihesabu palepale, noti kwa noti. Askari akamsogelea.

"Mama, Kiswahili yako safi sana. Ya kambi gani?"

"Ya sokoni, afande."

Alikuwa amepanga kulala kwa shangazi yake, mtaa wa Nalufenya, hapohapo Jinja. Hakwenda. Alidandia lori la kwanza la Mbale, na njia nzima hakumsemesha mtu kwa lugha yoyote.