Majeruhi: Hakuna

Wanafunzi wake wa udereva walimwita Mama Breki, na siku ile mwanafunzi wake, fundi saa mmoja mwoga kupindukia, alikuwa kwa mara ya kwanza amesimama vizuri kwenye taa nyekundu. Mama Breki, mwenye mimba ya miezi minane, alikuwa ndiyo kwanza anafungua kinywa amsifu, gari kubwa likawagonga kwa nyuma.

Akashuka mheshimiwa, simu bado sikioni. Alikuwa afisa wa usalama barabarani, akikimbilia semina ya hatari za kutumia simu barabarani.

"Dada, tushukuru, hakuna aliyeumia," alisema. "Bampa tu."

Askari wa trafiki aliyefika akakubali, akaandika kwenye fomu: Majeruhi, hakuna. Mume wa Mama Breki naye akamwambia kwa simu akapumzike nyumbani, mshtuko utaisha.

Lakini tumbo lilikuwa limekaza kama ubao, na mtoto, ambaye saa hizo humpiga mateke bila huruma, alikuwa kimya. Mama Breki akaenda hospitali.

Mkunga alimfunga mikanda ya kupima mapigo ya moyo ya mtoto, akatazama kidogo, akaacha kutania. Mama hakuwa na hata mchubuko, ila kondo la nyuma lilikuwa limeanza kubanduka, na mtoto alikuwa akikosa hewa. Wakampasua saa ileile. Akatoka binti mdogo mno, mzima, ila mkono wa kushoto ulilegea.

Baada ya wiki tano Mama Breki alimfuata askari yule kituo cha polisi, binti mgongoni.

"Afande, sahihisha. Majeruhi mmoja."

"Jina?"

"Siku ile hakuwa nalo."

"Alikaa kiti gani?"

"Tumboni, afande!"

Askari akaipekua fomu kwa dhati kabisa. Palikuwa na dereva, abiria, mpita njia, hata mifugo. "Mama, labda nimweke kwenye mizigo?"

Mama Breki alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha hayakukoma. Akamnyang'anya kalamu, akaandika pembeni: *Majeruhi mmoja, wa kike.* Askari, kwa mazoea tu, akagonga muhuri.

Afisa alituma pole: kijikoti kinachong'aa gizani, saizi ya mtu mzima.

Kila asubuhi mume wa Mama Breki, ambaye siku hizi hashauri mtu apumzike, huunyoosha ule mkono kama alivyofundishwa hospitali. Juzi vidole vilifunguka polepole, vikamshika pua, vikagoma kuachia.