Kinamasi Alichokikashifu

Habari ya kifo niliipata kwa konda, pale njia panda ya Mkiwa ninapouza vyungu. "We kijana, yule bibi yenu mfinyanzi hatunaye tena," alisema akining'inia mlangoni, kisha akapiga bodi, basi likaondoka. Mbele yangu mteja alikuwa akigonga chungu cha marehemu kwa kidole, akisema kina ufa. Hakikuwa na ufa. Ndivyo tunavyonunua huku kwetu: kitu unachokitaka sana, kwanza unakikashifu.

Marehemu aliijua desturi hiyo kuliko sisi sote. Mnadani angemtazama mbuzi mnono na kuuliza, "Huyu mbuzi au kivuli chake?" mpaka mwenye mbuzi acheke na kupunguza. Kumbe kuna siku ulimi huo ungemponza. Ilikuwa miaka hii ya soko huria, duka la ushirika limeshauzwa, na mashine ya kusaga ya kijiji imefuata. Wakaja wataalamu wawili kuuliza habari za kinamasi chetu, tulikopata udongo wa kufinyangia, nyasi za kuezekea na maji ya ng'ombe wakati wa kiangazi. Waliuliza mkutanoni kila kaya ingekuwa tayari kuchangia kiasi gani ili kinamasi kihifadhiwe. Sisi tulisikia bei tu. Tukajua nacho kinauzwa.

Bibi akasimama wa kwanza. "Karibuni, wanangu. Hivi na tope lile nalo mnaliulizia bei? Mbu, ruba na harufu! Hata fisi hulizunguka."

"Choo cha vyura hicho!" mwingine akadakia, watu wakaangua kicheko.

"Kwa hiyo, mama, mngependa kitumikeje?" mtaalamu aliuliza.

"Mtakavyo, mwanangu. Kwetu hakina kazi."

Alipoketi nilikuwa nyuma yake, nikamsikia akimnong'oneza jirani: "Subiri kishuke bei. Tutakinunua wenyewe."

Hatukuuziwa. Kinamasi alipewa mkulima wa vitunguu, kwa kuwa wananchi walisema hawakihitaji. Wale wataalamu hawakutudhulumu, walipeleka walichoambiwa. Mifereji ikachimbwa, maji yakaondoka, na bibi akawa anafuata udongo mbali, udongo wa mchanga unaopasukia motoni.

Mara ya mwisho nilipokwenda kuchukua mzigo, mchana kweupe, nilimkuta amesimama mbele ya matuta ya vitunguu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unawasikia?"

"Akina nani?"

"Vyura."

Palikuwa kimya kabisa. Akatikisa kichwa. "Siku ile ya mkutano walinisikia, mwanangu. Wakaamini."

Tulimzika ukingoni mwa shamba hilo. Wachimbaji walipofika usawa wa kiuno, udongo ulitoka mweusi, ukinata kwenye majembe, na maji yakaanza kujikusanya chini, polepole, kama kitu kinachorudi nyumbani. Mzee mmoja akaguna, "Udongo mbaya huu," kwa mazoea. Mwanamke aliyefundishwa ufinyanzi na marehemu akaokota donge, akalibinya. "Mzuri," alisema kwa sauti. "Mzuri sana." Hakuna aliyecheka.

Msomaji, hila za mnadani zibaki mnadani. Unachokipenda kisifu mbele ya mgeni, tena mapema, maana mgeni hana njia ya kujua kilichomo moyoni mwako. Kile chungu cha bibi bado ninacho. Anayekigonga na kusema kina ufa namjibu kwamba ni kizima, ni kizuri, na hakiuzwi.