Baba Yangu, Mpishi wa Mawingu

Moshi wa mtambo wa shaba ulikuwa na ladha. Ulikaa ulimini kama sarafu, ukawasha koo, na nguo tulizoanua jioni zilinuka kiberiti. Sisi watoto wa kambi ya wafanyakazi hatukuulalamikia, maana ndio uliotulisha. Papa, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa mtu wa tanuru. Alirudi na macho mekundu, akakaa mlangoni, akanionyesha lile bomba refu likitema moshi mweupe mpaka juu. "Unaona, Ngalula? Mawingu yote ya Elisabethville, ni sisi tunayapika." Ndivyo mji wetu ulivyoitwa wakati huo. Nilimwamini, na nani angekataa? Moshi ulipanda, mawingu yalikuwa huko huko ulikokwenda, mvua ikashuka. Shule yangu haikufika mbali, lakini hesabu hiyo ilinitosha, nikaitangaza kambi nzima: papa yangu akilala, ninyi mtakunywa vumbi.

Kisha Katanga, jimbo letu, ikajitenga na nchi. Sisi asili yetu ni Kasai, jimbo jingine, tukaambiwa turudi kwetu, kwanza kwa maneno, baadaye kwa mawe. Kwetu wapi? Mimi nilizaliwa pale. Tukakimbilia kambi ya wakimbizi pembeni mwa mji, iliyolindwa na askari wa kigeni wenye kofia za buluu, tukajenga kibanda cha fito, majani na magunia. Papa hakuwa na kazi tena. Siku za risasi hata moshi wa bomba ukakatika, na watoto wenzangu hawakunisamehe majivuno yangu. "Ee, mutoto ya mupika mawingu! Leo papa yako anapika nini?" Mwingine akajibu, "Anapika njaa!" Wakacheka. Mimi nilifurahi kimoyomoyo. Mdogo wangu Ntumba, ambaye hata kutembea alikuwa hajaanza, alishikwa na surua, na kibanda chetu kilikuwa kinavuja. Kila asubuhi mama alisema neno moja: "Asilowe tu. Akikaa mukavu, atapona." Basi bomba na linyamaze. Bila moshi hakuna wingu, bila wingu Ntumba atakaa mkavu.

Alasiri moja wingu likapanda upande wa mto Kafubu. Kwanza lilikuwa dogo na jeupe, kama konzi ya unga wa bukari, ugali wetu. Likanenepa, likajipandisha lenyewe kwa lenyewe, tumbo lake likawa jeusi. Nikatazama bomba: hata uzi wa moshi haukuwepo. Nikamkimbilia papa mbele za watu. "Papa, ile wingu nani anaipika? Simamisha!"

Sufuria ya mama ilikuwa motoni, papa akainua kifuniko, akakigeuza nikaona matone yamejipanga chini yake. "Mwana yangu, nilikuwa nakuchekesha. Jua inapika maji ya muto, ya majani, hata jasho yetu. Mvuke inapanda. Kule juu iko baridi, inarudia kuwa maji, kidogo kidogo sana. Ile ndiyo wingu. Hapana muntu wa kuisimamisha." Akavua koti lake la kazi, akaingia kibandani, akasimama kando ya Ntumba, akalitandaza juu yake kwa mikono miwili. Mvua ikaja. Ikapita kwenye majani, ikapita kwenye magunia, ikapita kwenye koti, ikamfikia. Ilipokwisha, papa alikuwa bado ameinua mikono, mpaka mama akamshusha mikono. Ntumba tulimzika kabla tope halijakauka, na papa hakutaja tena mawingu maisha yake yote.

Mimi nimeuza ndagala, dagaa wa kwetu, na makala, mkaa wa jikoni, nimejenga nyumba yangu mtaani Kasungami bila kumwomba mtu. Nilinunua mabati kabla ya matofali. Majirani wakacheka, "Mama Ngalula, utalala chini ya bati bila ukuta?" Nikawaambia ukuta utangoja. Juzi mjukuu wangu alinisomea kitabu chake cha shule: mvuke ukifika kwenye baridi, kila tone hutafuta kitu cha kushika, punje ya vumbi, au ya moshi. Nikamwambia arudie hapo. Ya moshi. Kumbe papa hakusema uongo mtupu, na hakupata kulijua hilo.

Siku hizi mvua ikipiga bati, watoto wa nyumba hii hawainui hata kichwa. Wanaendelea kula. Mimi nasimama katikati ya chumba, natazama juu, mpaka iishe.