Vidonge vya Punje Kubwa

Mimi ni mtu wa shaka, na sioni haja ya kuficha. Kwetu Zuzu mbuzi walihesabiwa wakitoka na wakahesabiwa tena wakirudi, na hata mama akipakua nyama nilitupia jicho sufuria kuona kimebaki nini. Nilipokwenda chuoni Chimwaga kusoma shahada ya pili, tabia hiyo ilinifuata hadi maabara.

Nilikuwa nashughulika na vidonge vya kauri, vidogo kama vifungo vya shati, vya aina inayotumika ndani ya kapasita, kile kidude kinachotunza chaji ya umeme kwenye redio na simu. Unga ni uleule, tofauti iko kwenye tanuri. Ukivichoma kwa muda mfupi, punje zake hubaki ndogo. Ukiviacha motoni zaidi, zinakua. Nilikuwa na mikebe miwili, mmoja wa punje ndogo na mmoja wa punje kubwa, nikitaka kujua ni vipi vinavyotunza chaji zaidi. Nilivipima, nikaandika, nikaridhika.

Wiki iliyofuata nikarudia kupima. Mkebe wa punje ndogo ulikuwa karibu palepale. Wa punje kubwa, kila kidonge kilikuwa kimeshuka. Wiki ya tatu vikashuka tena. Kauri haili, haifanyi kazi, haiugui. Nikasema hapa pana mkono wa mtu.

Mtu mwenyewe hakuwa mbali. Funguo za maabara zilikaa kwa mama mmoja wa Kondoa, fundi sanifu, mpole kupita kiasi. Yeye ndiye aliyetoa vidonge tanurini vikishapoa. Nikimwambia "Shikamoo mama," ananijibu "Marahaba baba, masomo yanakwendaje?" Upole ule ndio ulionitia wasiwasi zaidi, kikulacho ki nguoni mwako. Alikuwa na kidaftari alichokifunga kila nilipoingia. Nikamtegea: nililaza uzi mwembamba juu ya mfuniko wa mkebe. Kesho yake uzi ulikuwa chini, na kwenye kingo za vidonge nikaona mikwaruzo ambayo sikuifanya mimi. Bila shaka alikuwa anabadilisha vidonge vyangu na vya mwanafunzi mwingine. Nilijawa na hasira na, niseme kweli, nilifurahi pia, kwa sababu nilikuwa nimepatia.

Msimamizi wangu alikuwa safarini, hivyo nikamwandikia mkuu wa idara. Mkataba wa mama yule ulikuwa unaisha mwezi huohuo, na nilipoandika barua ile nilikuwa nalijua hilo. Siku hiyohiyo alihamishiwa stoo, suala lichunguzwe. Funguo nikapewa mimi.

Vidonge vikaendelea kushuka. Nikajiambia atakuwa amechonga funguo nyingine.

Msimamizi aliporudi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja tu.

"Kila kidonge umekipima saa ngapi baada ya kutoka tanurini?"

Nilivichoma kwa mafungu, siku tofauti, nikavichanganya mkebeni bila kuandika kipi kilitoka lini.

"Vinazeeka," akasema. "Ndani ya kila punje kuna maeneo madogo ya umeme, na mipaka kati yake huchezacheza. Muda ukienda mipaka inatulia, na chaji inayotunzwa inapungua. Kwenye punje ndogo mipaka ya kuchezacheza ni michache, ndiyo maana hazishuki sana. Kipashe kimoja moto uone."

Tukakipasha hadi kikapita lile joto ambalo mipaka ile hufutika, tukakiacha kipoe, tukakipima. Kilikuwa kimepanda juu kama siku ya kwanza. Hakuna mwizi anayerudisha hivyo. Msimamizi alipokwenda kufundisha, kwa pupa yangu nikavipasha vyote vilivyobaki, nihakikishe. Aliporudi alishika kichwa. Nilikuwa nimefuta umri wa wiki nyingi, na tarehe ya kukabidhi tasnifu ilikuwa imekaribia.

"Kuna yeyote aliyeandika saa?" akauliza.

Nikakumbuka kile kidaftari. Nilimkuta mama stoo, amekaa kati ya maboksi ya chupa tupu. Aliitikia shikamoo yangu kama siku zote. Nikaeleza kwa kubabaika. Akafungua mkoba wake, akanipa kidaftari.

Kila kidonge kilikuwa na namba, ileile aliyoikwaruza ukingoni, na mbele yake saa tangu kitoke tanurini: saa moja, saa kumi, saa mia, na kuendelea. Kwa punje kubwa, kiasi kilichopungua kati ya saa ya kwanza na ya kumi kilikaribiana na kilichopungua kati ya saa ya kumi na ya mia. Ilikuwa kazi safi kuliko yangu.

"Mama, kwa nini ulikuwa unapima?"

"Baba, nilikuwa naona unavyovihesabu kwa macho kila nikigeuka. Nikawa navipima tangu vikitoka tanurini, na nilipokuta vinashuka nikajua hili litaniangukia mimi. Nikasema bora niendelee kuandika, nikiulizwa niwe na cha kuonyesha."

"Sasa mbona hukuonyesha?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Niliona aibu hadi masikio yakapata moto. Jioni hiyo niliandika barua ya pili, nikakana ya kwanza neno kwa neno. Nikajibiwa kwa heshima kwamba uamuzi wa kutomwongezea mkataba ulishatolewa. Mwisho wa mwezi mama alipanda basi la Kondoa.

Jina lake niliomba ruhusa kuliweka mbele ya vipimo kwenye tasnifu, na liko pale. Siku ya kutetea tasnifu, mtahini mmoja alifuatisha mchoro kwa kalamu yake. Mstari wa punje kubwa ulishuka vizuri, wa punje ndogo ulikuwa karibu umelala.

"Ni vipimo vya uangalifu sana," akasema. "Lakini mbona vyote vinakoma siku moja? Mashine iliharibika?"

Ningeweza kusema ndiyo, na pale chumbani hakuna ambaye angenikatalia.

"Hapana," nikasema. "Siku hiyo nilimshtaki aliyekuwa anapima."

Hakuna aliyeandika kitu. Baadaye waliniita ndani, wakanipa mkono, wakaniambia nimefaulu.